Mwalimu, Mikono Yako Ilikuwa Wapi?

Jumanne iliyopita, kipindi cha kwanza, kabla jua halijaanza kuuma, nilimwona kijana wetu wa TP, mwanachuo aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha, amesimama kando ya magodoro, mikono nyuma, kama mtu aliyetiwa pingu. Mbele yake gredi ya tano wanabiringita mmoja mmoja. Mtoto mmoja akaenda kombo, akaangukia ukingoni karibu kabisa na saruji, na kijana akapaza sauti: "Kidevu kifuani! Kidevu kifuani, bwana!" Sauti ndiyo iliyofanya kazi yote. Mikono haikutoka nyuma.

Nilikuwa dirishani, chumba cha walimu, na kikombe changu cha chai ya tangawizi. Nikacheka. Kisha kicheko kikanikwama, maana yule niliyekuwa nikimtazama ni mimi wa mwaka 2016.

Saa ya mapumziko alinifuata. "Mwalimu, yule mtoto aliyeangukia pembeni, ulimwona?" Nikamwambia nilimwona. "Ningemshika?" Nikamwambia akae, ale viazi karai kwanza, kwa sababu jibu lake ni refu. Nusu yake nilimweleza pale pale. Nusu iliyobaki naiandika hapa, maana nimegundua sijawahi kuisimulia yote kwa mtu yeyote, hata mke wangu.

Chuoni tulifundishwa PE, yaani elimu ya viungo, na mkufunzi mmoja aliyekuwa mwanariadha enzi zake. Mtu mwema, na alijua kazi. Alitufundisha kupima uwanja kwa hatua, kuchora mistari kwa chokaa, kupanga watoto 60 na mpira mmoja bila kuzuka vita. Kubiringita mbele alitufundisha kwa picha ubaoni: mtu wa vijiti aliyejikunja, na pembeni mwalimu wa vijiti mwenye mikono miwili, mmoja nyuma ya kichwa cha mtoto, wa pili nyuma ya paja. Tukanakili. Halafu wiki moja kabla hatujatawanywa kwenda TP, akasimama mbele ya ukumbi akasema, "Wanaume, nisikilizeni. Mtoto wa watu usimguse. Ukimguswa mwanafunzi, umekwisha." Aliteleza ulimi hivyo hivyo, "ukimguswa", ukumbi ukaangua kicheko, naye akaondoka. Hilo ndilo lililokuwa somo zima. Picha ya mikono miwili ikabaki daftarini, na katazo likabaki masikioni, na hakuna aliyesimama kuuliza hivi viwili vinakaaje nyumba moja.

Hata kwenye andalio langu la somo, safu ya shughuli za mwalimu, niliandika kwa mwandiko mzuri: "Mwalimu atawasaidia wanafunzi wanaolemewa." Atawasaidia kwa nini? Kwa dua?

Msidhani hofu ile ilikuwa upuuzi. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 niliisoma usiku mmoja kwa simu, chandarua kimeshuka, jasho linanitoka, na si kwa joto tu. Inataja viungo kwa majina: sehemu za siri, matiti, makalio. Kumgusa mtoto hapo kwa kusudi lisilo halali ni kosa ambalo kifungo chake si chini ya miaka 10. Waraka wa TSC, tume inayoajiri walimu, nambari 3 wa mwaka 2010 nao unamtaka mwalimu anayeshuku kwamba mtoto amedhulumiwa aripoti ndani ya saa 24, na anayeficha naye achukuliwe hatua. Haya hayakuandikwa bure. Yaliandikwa kwa sababu kuna watoto walioumizwa na watu waliokuwa wakiitwa walimu. Kila aliyesoma shule zetu anamkumbuka mwalimu mmoja aliyehamishwa katikati ya muhula, na watu wazima wakawa wanabadilisha mazungumzo akitajwa.

Ila nilipoisoma ile sheria sikuona shingo. Sikuona bega wala kisigino. Hofu yangu ndiyo iliyokuwa imejiongezea vifungu.

Halafu mtu wa TP ni mtu wa kupita. Mwalimu wa kudumu akisemwa vibaya ana pa kuegemea: ana nambari ya TSC, ana chama, ana wazazi ambao amewasomeshea watoto wanne nyumba moja. Mimi nilikuwa na nini? Faili la andalio, viatu vya kuazima, na wiki tatu. Umri miaka 22. Na darasani wasichana wa miaka 11 na 12, wale wanaoanza kukua, wanaovuta shati lisishike mwili. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui nitazame wapi.

Shule yenyewe ilikuwa kisiwani, ya serikali, jina lake naliacha. Uwanja wake changarawe na vumbi jeupe la matumbawe, mwarobaini mmoja, na ukuta ambao bodaboda waliegemea upande wa pili wakitazama vipindi vyetu kama sinema. Magodoro yalikuwa magunia ya katani yaliyojazwa makumbi na kushonwa na darasa la saba. Nani asiyejua makumbi? Yakiwa mapya yanachoma hadi kwenye nguo, na yakikanyagwa muhula mzima yanajisukuma pembeni, katikati panakuwa shimo, na kingoni panakuwa pagumu kama ngazi. Nilikuwa na magodoro mawili ya namna hiyo kwa watoto 64.

Kabla ya kuanza, Madamu wa darasa alipita na kopo la Blue Band akikusanya pini za hijabu. Hili sikulijua, na hakuna kitabu kilichoniambia. Binti akibiringita na pini nyuma ya kichwa inamchoma yeye, au inamchoma anayemshika. Zikaingia koponi moja baada ya nyingine, zikilia kama mvua ya kwanza juu ya mabati, na mabinti wakafunga hijabu zao kwa kuzizungusha na kuzichomeka ndani ya kola. Suruali za michezo chini ya gauni walikuwa nazo tayari. Wao walikuwa wamejiandaa kuliko mimi.

Nikaonyesha mara mbili. Wavulana wakaenda, wengi vizuri, wengine kama magunia ya mchele yanayoshushwa bandarini. Kisha wasichana. Wa sita au wa saba alikuwa mrefu kuliko wenzake, miguu mirefu, mtu wa kuruka juu huyo, si wa kubiringita. Akachutama, akaweka viganja kwenye gunia, akanitazama.

"Mwalimu, nishike."

"Jaribu tu. Unaweza."

"Naogopa. Nishike hapa," akajigusa kisogo.

Nakumbuka nilichofanya. Nilirudi nyuma hatua moja. Sikusimama pale pale, nilirudi nyuma, na bodaboda wawili ukutani waliniona. "Weka kidevu kifuani," nikasema, "uende."

Akaenda. Lakini mtoto anayeogopa haweki kidevu kifuani, anainua uso atazame anakokwenda. Utosi ukatua kwenye gunia, pale pale kwenye ule ukingo mgumu, miguu mirefu ikaja juu, uzito wote ukasimama juu ya shingo kwa muda mfupi sana, kisha akaanguka ubavu. Hakulia. Afadhali angelia. Alilala akitazama mwarobaini huku mdomo wazi.

Nikakimbia kumwinua, maana sasa ndipo mikono iliponijia, na sauti ya Madamu ikanikata kutoka kivulini: "Usimwinue! Mwache hivyo hivyo!" Alikuja na kalamu nyekundu bado mkononi. Akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka viganja vyake pande mbili za kichwa cha mtoto, wala hakuvuta, wala hakubonyeza, aliviweka tu, kama mtu anayezuia kikombe kisimwagike. "Mwanangu, usigeuze kichwa. Kunja vidole vya mkono nione. Haya. Na vya mguu, ndani ya kiatu, kunja." Akakunja. Mtoto akaanza kulia, na sisi sote tukapumua.

Ilikuwa msuli. Hospitalini walimvisha kola ya shingo na kumrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Usiku ule sikulala. Nikajipangia maneno ya kujitetea, na katika maneno yote hayo, lile nililolitegemea zaidi lilikuwa hili: sikumgusa. Mashahidi wapo. Sikumgusa kabisa.

Asubuhi bibi yake akaja. Mwanamke mfupi, buibui la zamani lililopauka mabegani, mkoba wa ukindu mkononi. Mwalimu mkuu akataka kumkaribisha ofisini, akakataa, akasema anataka kuonana na mwalimu wa michezo hapo alipo. Nikasimama mbele yake chini ya ule mwarobaini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu ananiambia alikuomba umshike."

Nikanyamaza.

"Alikuomba, hakukuomba?"

"Aliniomba, mama."

"Basi mikono yako ilikuwa wapi?"

Nikatoa yale maneno ya usiku. Nikamwambia yule ni mtoto wa kike na mimi ni mwanamume, tumekatazwa, na mimi nilitaka kulinda heshima ya binti yake. Akanisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Hilo la mwanamume nalijua, mwanangu. Ungemshika pasipofaa ningekuja hapa vilevile, na nisingekuja na mkoba. Lakini shingo! Shingo ina aibu gani? Na kama wewe huwezi kumshika, ulimwambia ajipindue kwa nini?"

Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa mahamri, akampa Madamu kwa kumshukuru. Mimi hakunipa. Sikustahili.

Miaka tisa nimekuwa nikizunguka swali lile. Lina ncha mbili, na mimi chuoni sikufundishwa hata moja. Kama ni kushika, shika panapostahili na ujue ni wapi. Kama hutaki kushika, basi usimpe mtoto kazi inayohitaji mkono. Nilichofanya mimi ni kumpa kazi ya mikono miwili na kumnyima yote miwili.

Ile ncha ya pili ndiyo iliyonishughulisha kwanza. Muhula wangu wa kwanza wa kuajiriwa niliokota mbao za kitanda kilichokufa, nikaziegemeza kwenye matofali mawili, nikaweka godoro juu, ikawa mteremko. Mtoto anabiringita kushuka. Ule mkono wa nyuma ya paja, ambao ndio uliokuwa ukinitia jasho, hauna kazi tena, mteremko unaufanya bure na hauna jinsia. Ukabaki mkono wa kisogoni. Huo nao nikaupunguzia kazi kwa kitambaa: pembe ya leso iliyokunjwa, mtoto anaibana kati ya kidevu na kifua. Ikianguka kabla hajafika chini, kidevu kilifunguka, arudie. Watoto wanapenda ile leso kuliko mimi nilivyotarajia. Wamefanya ni mashindano, na kuna mmoja alibiringita mara nne bila kuiangusha, akainuka nayo mdomoni, mshenzi yule, akidai hakuibia.

Wanaobaki kuhitaji mkono, baada ya mteremko na leso, si watoto kumi katika hamsini. Na hao si lazima uwe mkono wangu. Nafundisha watatu watatu, wasichana kwa wasichana, wavulana kwa wavulana, namna ya kupiga goti ubavuni na kuweka kiganja kisogoni. Wao kwa wao wanashikana bila kuwaza. Nikiwatazama huwa nawaonea wivu.

Lakini pia kuna siku mkono ni wangu, na hapo ndipo nilipojifunza kusema kabla ya kushika. Najionyesha mimi mwenyewe kwanza, mbele ya darasa lote: "Nitaweka kiganja hapa, kwenye kisogo, si kwingine. Nitahesabu moja, mbili, kisha uende. Unataka, hutaki?" Mwaka wa kwanza wote walikuwa wakisema ndiyo, kwa sababu kwetu mtoto akiulizwa na mwalimu "hutaki?" anadhani ni mtego. Mpaka siku moja binti mmoja mdogo, mwenye meno mawili ya mbele makubwa, akasema, "Sitaki, mwalimu." Darasa likanyamaza kungoja radi. Nikasema, "Haya, tumia mteremko." Basi. Tangu siku hiyo ile "sitaki" ikawa neno la kawaida, na kusema kweli ndiyo iliyonifanya niziamini zile "nataka".

Kuna kijana mmoja wa gredi ya sita ambaye siwezi kumwacha. Alikuwa ameshika mpira wa mikono vibaya, nikamjia kwa nyuma, nikaweka mkono begani nimgeuze. Akajikunja. Kichwa chini, viwiko juu, macho yamefumba. Alidhani nampiga. Nilisimama pale na mkono wangu hewani sijui niupeleke wapi.

Viboko vilifutwa mwaka 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza wazi kumwadhibu mtoto kwa kumpiga. Nenda shule yoyote uangalie juu ya kabati la chumba cha walimu. Sitasema zaidi. Ila nimekaa vikao vingi ambavyo mwalimu anaogopa kumshika mtoto mkono amfundishe kurusha mpira, na huyo huyo mchana anampiga mbele ya darasa wala hatetemeki. Mtoto wa mwenzetu amejifunza nini kuhusu mkono wa mwalimu? Tangu siku ile siji kwa nyuma. Naja kwa mbele, viganja wazi, na naita jina kwanza.

Nilidhani hii ni shida yetu sisi, ya watu wa dini na aibu nyingi. Siku moja nimekwama kwenye foleni ya daraja la Nyali, Mombasa, matatu imezima injini, nikaanza kusoma kwenye simu. Kumbe Uingereza, wenye kumbi za mazoezi na magodoro ya povu, wamelia kilio hiki hiki, hadi wizara yao ya elimu mwaka 2013 ikaandika kwenye mwongozo kwamba kumgusa mwanafunzi si kinyume cha sheria. Ikataja na mifano: kumfariji mtoto aliyehuzunika, kumpa huduma ya kwanza, kumwonyesha zoezi kwenye kipindi cha PE. Nikacheka peke yangu, kondakta akanitazama. Serikali nzima imekaa kitako kuandika kwamba mtoto anayelia anaweza kufarijiwa.

Uswidi nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Örebro waliwaendea wanafunzi wenyewe kuwauliza. Wanafunzi hawakuwa na shida na mkono unaowafundisha au unaowazuia wasianguke. Walitaka mkono uwe na sababu wanayoiona. Bibi wa mkoba wa ukindu alisema hivyo bila utafiti.

Na mimi ningepaswa kulijua hilo mapema, maana kuogelea nilifundishwa na mkono. Mjomba wangu alinipeleka kwenye kreki ya Tudor maji yakiwa yamejaa, akaweka kiganja chini ya tumbo langu, akaniambia nipige miguu. Akawa anakiondoa kidogo kidogo nisijue. Madrasa vilevile: alifu yangu ya kwanza maalimu aliiandika na mkono wangu ndani ya mkono wake. Huku kwetu ufundi wote unapita mkononi, kuanzia ususi wa ukili hadi jahazi. Watoto wangu wa leo wanaishi kisiwani, bahari iko kila upande, na wengi hawawezi kuelea dakika moja. Kuogelea kumo kwenye mtaala. Bwawa hatuna, na hata tungekuwa nalo, nani angeweka kiganja chini ya tumbo la mtoto wa nani?

Sasa, kuna mtu atasoma haya aseme, huyu anafungua mlango kwa wabaya. Hapana. Nimefanya kazi hii vya kutosha kujua kwamba shida ya PE haikai kwenye godoro mbele ya watoto hamsini na bodaboda wawili. Inakaa stoo ya mipira. Inakaa kwenye gari la kurudi mashindanoni usiku, kwenye kona ya kubadilisha nguo, na kwa yule mwalimu anayejitolea kumkanda mtoto misuli ikikaza. Mimi stoo siingii na mtoto. Wanakwenda watatu kuchukua mipira, nami nabaki nje nikihesabu. Misuli ikikaza, mwenzake anamvuta kidole gumba cha mguu kuelekea gotini, nami naelekeza kwa mdomo. Mkono mbaya huomba faragha, na huomba mtoto asiseme. Nambari 116, ile ya bure ya watoto, nimeiandika kwa rangi kwenye ukuta wa stoo hiyo hiyo, herufi kubwa. Naibu wa mwalimu mkuu aliuliza kwa nini pale na si kwenye ubao wa matangazo. Nikamwambia ubao wa matangazo hausomwi na mtu.

Nisisahau: ile TP yangu ya 2016 ilikuwa na ukaguzi wa mwisho. Asesa alikuja wiki ya tatu, siku chache baada ya bibi. Nilifanya kipindi cha kubiringita tena, kwa ukaidi tu. Sikuwa na mteremko bado wala leso. Nilikuwa na lile swali. Nikawaambia watoto, "Nitawashika kisogo, mtakaotaka," nikaanza kumwuliza mmoja mmoja, na kipindi cha dakika 35 kikaisha watoto 20 hawajafika godoroni. Asesa akaandika kwa kalamu ya kijani: "Muda mwingi umepotea kwa maneno." Akanipa alama ya kupita, ya chini. Ile karatasi ninayo hadi leo. Yule binti wa shingo alikuwa ameketi pembeni na kola yake, mshika filimbi wangu siku hiyo, na kila mtoto aliyefika chini salama alimpigia kipenga kirefu hadi asesa akaziba masikio.

Turudi kwa kijana wetu. Jumatano nilimwita uwanjani baada ya kengele ya mwisho, watoto wameshaenda madrasa, kumebaki wale wanaongoja dada zao. Akadhani namwonyesha kwa kumshika yeye. Nikavua viatu, nikaweka simu na funguo kwenye kofia, nikachutama mbele ya godoro. Mtu wa miaka 31 na kitambi cha biriani.

"Nishike," nikamwambia.

"Wapi, mwalimu?"

"Wewe niambie wapi."

Akafikiri. Akajigusa kisogo chake mwenyewe, kama yule binti. "Hapa."

"Sema utaniwekea mkono gani na utafanya nini."

Akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia kwa sauti kubwa. Nikabana leso kidevuni. Kiganja chake kikaja shingoni mwangu, baridi, kinatetemeka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba katika miaka yote ya kufundisha zoezi hili sikuwahi hata siku moja kushikwa. Ni kitu cha ajabu. Uzito wote unahamia kwa mtu mwingine kabla hujaondoka chini. "Moja," akasema, "mbili," na mmoja wa wale watoto waliokuwa wakingoja akapiga kelele kutoka barazani, "Mwalimu, kidevu!"